Mali ya Mtu Mmoja: Jinsi Twitter Ilivyogeuka X

Jumamosi ya Aprili 9, 2022, Parag Agrawal, mkurugenzi mtendaji wa Twitter, alimtumia Elon Musk ujumbe wa simu. Wiki hiyohiyo Musk alikuwa ametangazwa kuwa mwenye hisa nyingi kuliko wote katika kampuni hiyo, na alikuwa amekubali kuingia kwenye bodi ya wakurugenzi. Siku hiyo alitaja hadharani akaunti zenye wafuasi wengi duniani ambazo haziandiki mara kwa mara, kisha akauliza kama Twitter inakufa. Agrawal alimwambia kwa adabu kwamba yuko huru kuandika hivyo, lakini maneno ya namna ile hayamsaidii kuiboresha kampuni, na akaomba wazungumze. Jibu likaja papo hapo: wiki hii umefanya nini? Likafuata la pili: siingii kwenye bodi, huku ni kupoteza muda. Na la tatu: nitatoa ofa ya kuinunua kampuni yote.

Ujumbe huo ulikuja kuanikwa mahakamani miezi michache baadaye. Unaeleza mengi kuliko ripoti nyingi za wachambuzi. Mtu aliambiwa neno dogo la kumzuia, akaona njia rahisi ni kumnunua aliyemzuia pamoja na kampuni yake. Historia ya Twitter tangu siku ile ni historia ya watu waliokuwa na nafasi ya kumwambia Musk hapana: bodi, hakimu, wafanyakazi, watangazaji, mabenki, na hatimaye serikali. Wachache walisikilizwa. Wengi walitolewa mlangoni.

Kampuni maarufu isiyo na faida

Haitakuwa haki kusema Musk alinunua kampuni yenye afya. Twitter ilizaliwa San Francisco mwaka 2006, mikononi mwa Jack Dorsey, Evan Williams, Biz Stone na Noah Glass. Mtumiaji alipewa herufi 140, zikaongezwa kufika 280 mwaka 2017. Novemba 2013 iliingia soko la hisa la New York kwa dola 26 kwa hisa. Jina lake lilivuma kila pembe ya dunia, lakini mfuko haukujaa. Kwa mwaka mzima, ilipata faida mara mbili tu, 2018 na 2019. Mwaka 2021 iliingiza dola bilioni 5.08, na bado ikafunga hesabu na hasara ya dola milioni 221. Takriban asilimia 90 ya mapato hayo yalitokana na matangazo ya biashara. Watumiaji wake wa kila siku walikuwa milioni 217, wakati Facebook ilikaribia bilioni 2.

Thamani yake ilikuwa kwingine. Ilikuwa mahali ambapo mwandishi wa habari, waziri, mwanaharakati na mchezaji mpira waliweza kukutana na kujibizana mbele ya watu. Wakenya walilijua hilo mapema. Julai 2015, CNN ilipoieleza nchi yao kuwa kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Rais Obama, kundi linalojiita KOT, yaani Wakenya wa Twitter, liliwasha moto mtandaoni mpaka dunia nzima ikajua kuna ugomvi. Nigeria ilipoifungia Twitter Juni 2021, baada ya kampuni kufuta ujumbe wa Rais Buhari, ilichukua miezi saba kuifungulia. Serikali haifungii kitu kisicho na uzito.

Miezi miwili kabla ya ugomvi huo wa Nigeria, Dorsey alikuwa ametangaza kwamba ofisi ya kwanza ya Twitter barani Afrika itakuwa Accra, Ghana. Ofisi hiyo tutaifikia.

Mali bila daftari

Musk alianza kununua hisa za Twitter kimyakimya mwishoni mwa Januari 2022. Sheria ya Marekani inamtaka mnunuzi atangaze akivuka asilimia 5. Alipotangaza, Aprili 4, tayari alikuwa na zaidi ya asilimia 9. Januari 2025 mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji ya nchi hiyo ilimfungulia kesi, ikidai kuchelewa kule kulimwezesha kuwapunja waliomuuzia kwa si chini ya dola milioni 150.

Aprili 14 alileta ofa: dola 54.20 kwa kila hisa, jumla ikiwa kama dola bilioni 44. Namba 420 iliyojificha humo ni mzaha wa wavuta bangi wa Marekani, na Musk alishawahi kuutumia mwaka 2018 alipotangaza kutaka kuiondoa Tesla kwenye soko la hisa. Bodi ilijaribu kujikinga kwa siku chache, kisha Aprili 25 ikakubali. Ingekataaje? Hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuinunua Twitter kwa bei hiyo.

Ili mambo yaende haraka, Musk alisamehe haki yake ya kukagua vitabu vya kampuni kabla ya kusaini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa habari zilikuja mapema. Hisa za kampuni za teknolojia zilianza kuporomoka, na bei aliyoikubali ikaonekana kubwa mno. Mei 13 akasema ununuzi umesimama kwa muda, maana anataka kujua akaunti feki ni ngapi. Julai 8 akatangaza kujitoa. Siku nne baadaye Twitter ilimshtaki Delaware, mbele ya jaji Kathaleen McCormick, aliyepanga kesi isikilizwe Oktoba 17.

Hii ndiyo mara pekee katika mwaka ule ambapo mtu alimwambia Musk hapana na ikabaki hapana. Mkataba ulikuwa wazi, na hoja ya akaunti feki ilikuwa dhaifu kwa mtu aliyekataa kukagua. Wiki mbili kabla ya kesi alisalimu amri, na jaji akampa mpaka Oktoba 28 awe amelipa.

Fedha zilitoka pande tatu. Musk alitoa zake, na ndani ya mwaka ule aliuza hisa za Tesla zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 20. Wawekezaji wenzake walichangia, akiwemo Larry Ellison wa Oracle, Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia, na mfuko wa uwekezaji wa Qatar. Dola bilioni 13 zilizobaki zilikopwa kwenye mabenki, Morgan Stanley, Bank of America na Barclays yakiwa mstari wa mbele. Mkopo huo haukuandikwa kwa jina la Musk. Uliandikwa kwa jina la Twitter yenyewe. Kampuni iliyokuwa inalipa riba ya chini ya dola milioni 100 kwa mwaka sasa ilidaiwa riba ya zaidi ya dola bilioni 1. Hata malaika angekabidhiwa usukani siku ile, angeanza akiwa na deni shingoni.

Wiki tatu za kwanza

Oktoba 26 Musk aliingia makao makuu akiwa amebeba sinki mikononi, kwa ajili ya mzaha wa maneno ya Kiingereza. Kesho yake usiku mauziano yakakamilika. Agrawal, mkuu wa fedha Ned Segal, mkuu wa sheria Vijaya Gadde na mwanasheria Sean Edgett walifukuzwa usiku uleule, kwa madai ya utovu wa nidhamu kazini, hivyo kiinua mgongo chao kikazuiwa. Agrawal, Segal, Gadde na Edgett walikwenda mahakamani wakidai dola milioni 128, na ilipofika Oktoba 2025 pande zote zilimalizana nje ya mahakama.

Novemba 4 ikawa zamu ya walio chini. Karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 walipunguzwa siku moja. Wengine walijua wamefukuzwa kabla ya kuandikiwa, pale laptopu ya kazi ilipogoma kufunguka. Wa Accra walikuwa chini ya 20. Walikuwa wamefanya kazi wakiwa majumbani kwa zaidi ya mwaka, na siku chache tu nyuma walikuwa wamehamia kwenye ofisi yao mpya. Wakaachishwa karibu wote. Bara zima lilibaki bila dawati. Baadaye ilibidi watafute wakili ili wapate malipo yao.

Kisha ikaja tiki ya buluu. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 2009, baada ya Tony La Russa, kocha wa besiboli, kuishtaki Twitter kwa sababu mtu alifungua akaunti kwa jina lake na kuandika mambo ya aibu. Tangu hapo, tiki ilimaanisha kampuni imehakikisha kwamba mwenye akaunti ndiye huyo anayejiita. Wengi waliichukulia kama cheo, na ni kweli ilitolewa kwa upendeleo. Lakini kazi yake ya msingi ilikuwa kumlinda msomaji.

Musk aliiona kama bidhaa. Fununu ilisema itauzwa dola 20 kwa mwezi. Mwandishi wa riwaya Stephen King akalalamika kwamba wao ndio wanaostahili kulipwa, na Musk akamjibu hadharani: bili lazima zilipwe, vipi dola 8? Bei ya bidhaa kuu ya kampuni ya mabilioni ikapangwa mbele ya watu, kama mtu anayepatana bei ya shati la mtumba.

Timu ya usalama wa watumiaji iliandaa waraka wa kuonya kwamba matapeli watalipia tiki wapate kujifanya watu wengine. Huduma ilifunguliwa Novemba 9 hivyohivyo. Kesho yake akaunti yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, na tiki ya buluu pembeni, iliandika kwamba insulini sasa inatolewa bure. Haikuwa Eli Lilly. Mtu alikuwa amelipa dola 8. Nchini Marekani bei ya insulini ilikuwa kidonda cha miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa walikuwa wakipunguza dozi kwa kukosa fedha. Posti ile ilikaa saa kadhaa, kampuni yenyewe ikalazimika kuomba radhi kwa maneno isiyoyasema. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa zaidi ya asilimia 4, ingawa soko lilikuwa na sababu nyingine pia. Akaunti feki za Nintendo, Lockheed Martin na hata Tesla zilizagaa. Yoel Roth, aliyeongoza timu ya usalama, alijiuzulu siku hiyo ya insulini. Novemba 11 mauzo ya tiki yakasimamishwa, kisha yakarudishwa Desemba.

Novemba 16 waliobaki walipokea barua pepe ya bosi mpya. Ilisema kazi sasa itakuwa ngumu kupindukia, kwa saa nyingi, na anayekubali abonyeze kitufe cha ndiyo kabla ya saa 11 jioni ya kesho yake. Asiyebonyeza achukue mshahara wa miezi mitatu aende. Mamia walichagua kwenda, wengi wao wahandisi. Ofisi zikafungwa kwa siku kadhaa. Musk alikuwa na hakika kwamba wangebaki wanaume na wanawake wa shoka. Walibaki pia wenye viza za kazi, ambao kukosa ajira kungewafukuza Marekani, pamoja na wale waliokuwa wamejifunza kwamba kusema hapana hakulipi.

Kuelekea Krismasi

Tukio la Sacramento ndilo linaloonyesha kwa karibu zaidi jinsi kampuni hii ilivyoendeshwa. Limesimuliwa kwa kirefu na Walter Isaacson, mwandishi wa wasifu wa Musk, aliyeruhusiwa kuwa karibu naye.

Twitter ilikuwa na kituo cha data mjini Sacramento kilichogharimu zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Musk aliagiza seva zihamishiwe Portland, Oregon. Meneja akamweleza kwamba kuzihamisha salama kutachukua miezi sita hadi tisa. Musk akampa siku 90, na kwamba akishindwa, barua yake ya kujiuzulu imekubaliwa.

Desemba 23, Musk alikuwa kwenye ndege yake pamoja na binamu zake akielekea Austin, Texas. Mmoja wao, James, akauliza: kwa nini tusizihamishe sasa hivi? Rubani akaambiwa ageuze ndege. Wakatua Sacramento, wakakodi gari, wakaingia kituoni usiku. Mle ndani kulikuwa na makabati ya seva zaidi ya 5,000, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani moja na urefu wa kama mita mbili na nusu. Walielezwa kwamba ili kuchomoa hata moja, lazima aje fundi mwenye vifaa vya kuinua sakafu, kisha waje mafundi umeme. Musk akaazima kisu cha mfukoni kwa mlinzi wake, akabandua kifuniko cha tundu la hewa, akaingia chini ya sakafu, akafungua sanduku la umeme kwa kisu na kuchomoa nyaya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli. Walisubiri kidogo kuona kama kuna kitu kitalipuka. Hakikulipuka.

Siku iliyofuata likaja lori. Wasimamizi wa jengo walipoonya kwamba sakafu haistahimili zaidi ya paundi 500, James aliwajibu kwamba kila kabati lina magurudumu manne, hivyo kila gurudumu linabeba sehemu yake tu. Hesabu hiyo haikukubali hata kwa kalamu ya mtoto, kwa kuwa kabati lilikuwa na paundi kama 2,500. Seva zilikuwa na taarifa za watumiaji, na utaratibu ulitaka zifutwe kwanza. Zilifungwa kwa kufuli za dukani na kusafirishwa. Ndani ya siku chache yalitoka makabati zaidi ya 700.

Kwa muda ilionekana kwamba tajiri amewaumbua wataalamu. Baada ya hapo mtandao ukaanza kuyumba. Mei 24, 2023, Gavana Ron DeSantis wa Florida alipotaka kutangaza kugombea urais wa Marekani kwa sauti ya moja kwa moja ndani ya Twitter, Musk akiwa mwenyeji, mitambo ilizidiwa na mazungumzo yakakatika kwa zaidi ya dakika 20 mbele ya mamia ya maelfu ya wasikilizaji. Musk mwenyewe alikiri kwa Isaacson kwamba kuifunga Sacramento kulikuwa kosa. Alisema aliambiwa vituo vingine vinatosha kubeba mzigo. Hakuambiwa kwamba ndani ya programu kulikuwa na sehemu 70,000 zilizoandikwa kuitegemea Sacramento moja kwa moja.

Hakuambiwa na nani? Waliojua mambo hayo walikuwa watu wa aina ya yule meneja wa miezi sita hadi tisa. Aliposema muda unaohitajika, alitishiwa kazi. Wengine walikuwa wameshapewa barua Novemba. Miezi ile aliyoiona ni uzembe ndiyo ingetumika kutafuta sehemu hizo 70,000.

Kodi ya pango na watangazaji

Kubana matumizi kukageuka kutolipa. Januari 2023 wenye jengo la makao makuu ya Mtaa wa Market walikwenda mahakamani kudai kodi ya pango, na huko London wasimamizi wa mali za Taji la Uingereza wakafanya vivyo hivyo. Mwezi huohuo samani za ofisi zikapigwa mnada: viti, mashine za kahawa, vyombo vya jikoni. Sanamu ya ndege, nembo ya kampuni, ilinunuliwa kwa dola 100,000.

Ndege mwenyewe alifuata. Julai 2023 Musk alitangaza kwamba jina la Twitter limekufa na sasa ni X. Herufi hiyo alikuwa nayo tangu 1999, alipoanzisha benki ya mtandaoni ya X.com, iliyokuja kuwa PayPal baada ya kuungana na kampuni nyingine na yeye kuondolewa uongozini mwaka 2000. Jina ambalo watu wa mataifa mengi walikuwa wamelifanya kitenzi katika lugha zao liliondolewa kwa siku moja. Mafundi walipopanda kushusha herufi ukutani, polisi walifika na kuwasimamisha, na kwa muda ukuta ukabaki na kipande tu cha jina. Juu ya paa likawekwa X kubwa la taa zilizomweka usiku, majirani wakashindwa kulala, na baada ya malalamiko kwa Jiji likashushwa.

Yote hayo kampuni ingeweza kuyavumilia. Kilichouma ni matangazo. Mwenye kutangaza sabuni hataki sabuni yake ionekane pembeni ya matusi. Musk alikuwa amewafukuza wengi wa waliosafisha matusi, akarudisha akaunti zilizofungwa, ya Donald Trump ikiwemo baada ya kura ya mtandaoni, na kulivunja baraza la washauri wa usalama. Kampuni kama General Motors na Volkswagen zilisimamisha matangazo ndani ya wiki za mwanzo. Julai 2023 Musk mwenyewe aliandika kwamba mapato ya matangazo yameshuka kwa kama asilimia 50. Linda Yaccarino, mtu wa matangazo kutoka NBCUniversal, aliletwa Juni mwaka huo awe mkurugenzi mtendaji na awarudishe wateja.

Kazi hiyo ilivurugwa na bosi wake. Novemba 15, 2023, Musk aliunga mkono posti iliyowatuhumu Wayahudi kwa kuchochea chuki dhidi ya wazungu, akiiita ukweli halisi. IBM, Apple na Disney zikasitisha matangazo. Wiki mbili baadaye, jukwaani New York, akihojiwa na Andrew Ross Sorkin, aliwatukana watangazaji hao tusi la nguoni, akalirudia, na kumsalimia mkuu wa Disney kwa jina. Alipoulizwa kampuni itaishije, alijibu kwamba kususa kwao kutaiua, na dunia itajua nani kaiua. Yaccarino alikuwa ameketi ukumbini. Agosti 2024 X ikawashtaki mahakamani baadhi ya watangazaji kwa kutotangaza, wakiwemo Mars na Unilever. Mteja akataka kuondoka, akafuatwa na samansi.

Nani alilipa

Ilipofika mwishoni mwa Agosti 2024, mfuko mmoja wa Fidelity uliowekeza pamoja na Musk ulikuwa umeshusha thamani ya hisa zake za X kwa karibu asilimia 79. Mabenki yalikaa na mkopo ule wa bilioni 13 kwa zaidi ya miaka miwili, yakiwa hayana wa kumuuzia bila hasara kubwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa. Safari hii guu lililovunjika lilikuwa la wengine: wa Accra, wenye majengo, wahandisi, wasomaji waliodanganywa na tiki. Utajiri wa Musk uko Tesla na SpaceX, na kuporomoka kwa X hakukumnyima usingizi. Zaidi ya hapo, alikuwa amepata kitu kisichoandikwa kwenye mizania. Julai 2024 alimuunga mkono Trump, akatumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi, na X ikawa jukwaa lake la kampeni. Trump aliposhinda, hewa ikabadilika. Mapema 2025 mabenki yakafanikiwa kuuza mkopo ule kwa bei nzuri. Machi 28, 2025, kampuni ya akili bandia ya xAI ikainunua X kwa kubadilishana hisa, kwa dola bilioni 33 baada ya kutoa deni. xAI nayo ilikuwa ya Musk. Mnunuzi na muuzaji walikuwa mtu mmoja, na bei ilipangwa naye.

Kwa haki, yapo yaliyomwendea vizuri. Wengi walitabiri kwamba mtandao ungezimika baada ya kuondoka kwa zaidi ya robo tatu ya wafanyakazi. Haukuzimika. Utaratibu wa watumiaji kuongeza maelezo chini ya posti zenye uongo, ulioanzishwa kabla yake, aliupanua na wengine wakauiga. Na watu hawakuhama kama ilivyodhaniwa. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, walikutana hukohuko X, na Julai 5 Rais Ruto akaingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mtandao huo kujibizana nao. Hawakubaki kwa mapenzi ya Musk. Kila mtu unayetaka akusikie yuko pale, na huwezi kuhama peke yako.

Kwa hiyo bodi ilikuwa imekwenda, wafanyakazi wamekwenda, watangazaji wametukanwa, wakopeshaji wameuza deni lao. Zikabaki serikali. Agosti 30, 2024, jaji Alexandre de Moraes aliifungia X Brazil nzima kwa kukaidi amri za mahakama. Musk alimtukana wiki kadhaa, kisha kampuni ikamteua mwakilishi wa kisheria, ikalipa faini ya reais milioni 28.6, na Oktoba 8 ikafunguliwa. Desemba 2025 Umoja wa Ulaya uliitoza X yuro milioni 120, na mojawapo ya makosa lilikuwa lile la tiki: kuwafanya watu waamini akaunti imehakikiwa wakati imelipiwa tu.

Tanzania nayo ilisema hapana, kwa njia yake. Mei 2025 wadukuzi waliiteka akaunti ya Jeshi la Polisi na kuweka maudhui machafu na uongo kuhusu Rais. Muda mfupi baadaye X ikawa haifunguki nchini bila VPN, ambayo nayo mamlaka ya mawasiliano ya nchi, TCRA, ilishataka isajiliwe tangu 2023. Jerry Silaa, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, alisema sababu ni picha za ngono, ambazo kweli X iliziruhusu rasmi mwaka mmoja nyuma.

Hapana ya Brazil ilimfikia mwenye mali, kwa sababu ilitokana na sheria iliyokuwepo kabla ya ugomvi, ilikuwa na orodha ya masharti, na nyuma yake kulikuwa na soko la mamilioni ya watumiaji. Ya Tanzania ilimfikia mtumiaji: mwandishi, mfanyabiashara mdogo, mwanafunzi. Mwenye mali haikumgusa mfukoni. Hakuna nchi moja ya Afrika Mashariki yenye matangazo ya kutosha kumfanya mtu wa aina hii ageuze ndege yake. Jumuiya nzima, ikiwa na sheria moja ya kumtaka afungue ofisi, aweke wanaojua Kiswahili kushughulikia malalamiko, na alipe faini akikaidi, ingekuwa na la kumwambia. Mpaka sasa kila nchi imemkabili peke yake, na silaha ya pekee inayoshikwa ni kuwazimia wananchi wake wenyewe.